Ukungu Ulioufuta

Rehema mwanangu,

Shuleni tulifundishwa kwamba barua ianze kwa kuulizana hali. Hali yako naijua, nimekuona asubuhi ukimaliza chapati zako na kuhamia kwenye sahani ya baba yako. Sehemu hiyo tuiruke.

Barua hii nimeiweka juu ya begi lako ili uisome leo, ukirudi kutoka Mlali ulikokwenda kumuaga mjomba wako, na siyo kesho ndani ya basi. Nakujua wewe. Kwenye basi utalia, halafu utamwambia jirani yako kwamba ni vumbi. Lakini sababu hasa si hiyo. Ninachotaka kukuambia kinahusu ile picha kubwa ya msitu pale sebuleni, na nataka uwe umesimama mbele yake unapokisoma. Mtu akishafika Iringa, njiani kwenda Mbeya, hawezi kugeuka akautazama ukuta wa kwetu.

Maagizo ya safari sina. Baba yako ameyamaliza yote tangu juzi, mpaka namna ya kukaa na begi pale stendi ya Msamvu, na wewe unamjua baba yako: dereva wa miaka yote, kila gari asiloliendesha yeye analiona linaelekea mtaroni. Msikilize tu, uitikie, ndivyo anavyolia yule. Mimi najua mabango na picha, basi, kwa hiyo nitaongea kuhusu picha.

Unajua nilikoanzia. Umekulia kwenye harufu ya rangi ya mafuta, ile ya dukani ya kupaka milango na madirisha. Ukiwa unatambaa niliwahi kukukata nywele upande mmoja kwa sababu uliingiza kichwa kwenye bluu ya duka la dawa. Siku nilipoamua kuchora msitu nilichukua makopo yaleyale ya mabango. Nilitaka msitu ulio juu ya nyumbani kwa bibi yako, ukishapita Mlali ukapanda mpaka mashamba ya kabichi yanapoishia, asubuhi jua likiwa halijafika. Nikachora miti kwa bidii, kila mmoja na matawi yake, kangaga chini, mizizi, mawe. Halafu nikafungua kopo la nyeupe nikaupaka ukungu juu ya vyote. Baba yako akaja akasimama nyuma yangu, akaangalia sana, akasema, "Mama Rehema, nani kamwaga uji hapa?"

Nilinuna mpaka maharage yakaungua. Lakini alikuwa na haki yake. Ulikuwa uji, tena mzito.

Tulipokwenda kwa bibi yako nikakubeba mgongoni alfajiri moja mpaka ukingoni mwa msitu, nikaangalie kosa langu liko wapi. Nikasimama pale nikitafuta hicho cheupe nilichokuwa nakipaka. Sikukiona. Kulikuwa na mti wa karibu, mweusi kwa unyevu. Nyuma yake mwingine, umeshakuwa wa kijivu. Nyuma ya huo mwingine, rangi ya majivu yaliyokaa, na nyuma zaidi huna hakika kama ni mti au ni macho yako. Ukungu wenyewe haukuwa na rangi. Ulikuwa unachukua rangi ya kila ulichokificha. Wewe ukatoa mkono kwenye kanga ukaunyoosha hewani, ukaurudisha ukaniambia umelowa, na ukanipangusia shingoni ili nihakikishe. Bibi yako alipotuona tumerudi tunatetemeka alinisema sana, kwamba mwanamke mzima anamtoa mtoto kwenye blanketi kwenda kutazama baridi.

Baada ya hapo ndipo nikaanza kuagiza rangi za tyubu Dar. Nikajifunza kuanza na miti ya mbali kabisa, kuisubiri ikauke, kisha kupaka utando mwembamba juu yake, kisha miti ya karibu zaidi, hivyohivyo mpaka mbele. Ni kazi ya subira, na mimi subira sina, unajua. Masika ikianza rangi ya mafuta haikauki hata uibembeleze. Kuna picha niliisogeza jikoni karibu na jiko la mkaa ili iwahi. Ikakauka, na majivu yake humohumo. Mteja aliyeichukua hadi leo anawaonyesha wageni wake nilivyopatia jiwe linavyokwaruza.

Miaka ile wewe ulikuwa hubanduki pembeni yangu. Ulikuwa na kipande chako cha ubao na brashi niliyoinyofoa nywele zilizozeeka. Ulikuwa ukiniona nachanganya kijani unasema, "Mama, hicho kinataka wekundu," na kweli kilikuwa kinataka. Sikukufundisha hilo. Nilikuwa namwambia baba yako usiku, huyu mtoto ana jicho. Kukuambia wewe mwenyewe, hapana. Nilidhani kumsifia mtoto ni kumharibu.

Sasa twende kwenye picha.

Ulikuwa darasa la sita. Nilikuwa na ile turubai kubwa, amerikani niliyoishona vipande viwili nikaipaka gundi, na nilikuwa nimefika kwenye ukungu wa mwisho, ule wa mbele kabisa unaopita kati ya miti mikubwa. Ulikuwa umenishinda. Nililalamika nyumba nzima, nikasema ningempata mtu wa kuufuta nikaanza upya ningemshukuru. Maneno hayo niliyasema mimi, na wewe uliyasikia. Ndipo mama yako mdogo akajifungua kule Ngerengere, nikafunga kanga zangu nikaenda kumuuguza. Picha nikaiacha imeegemea ukuta wa nyuma, ule unaovujisha unyevu mvua ikizidi.

Mvua ikazidi. Nikiwa kule nikaanza kuwaza ile amerikani upande wa nyuma, jinsi inavyoota ukungu, ule mweusi wa madoadoa unaoota kwenye mikate na kwenye viatu vya harusi. Nikapiga simu. Mtandao ulikuwa unakatika na mtoto wa mama yako mdogo analia sikioni mwangu. Nikasema, "Rehema, iangalie ile picha kubwa. Kama ina ukungu, uufute."

Ukauliza, "Wote, mama?"

"Wote. Ukiuachia kidogo unatambaa."

"Kwa kutumia nini... kitambaa?"

"Kitambaa, na thina kidogo. Taratibu, usichane turubai."

"Haya mama," ukasema, na simu ikakatika.

Nimeyarudia maneno hayo wiki hii yote, na sikuoni kosa mwanangu. Picha ya msitu wenye ukungu, fundi mwenyewe alishasema anatafuta wa kuufuta, leo anapiga simu anasema futa. Ungefanya nini? Neno moja tu lilikosekana, "nyuma," na wa kulisema nilikuwa mimi.

Niliporudi ulikuwa umesimama mlangoni na sare za shule, mikono nyuma. "Shikamoo mama," ukasema. "Nimeufuta."

"Marahaba. Umefuta nini?"

"Ukungu. Ule wa chini umegoma kidogo, nikaogopa kuchana."

Nikaingia nikaiona. Utando wa mbele wote ulikuwa haujakauka, kwa hiyo uliyeyuka kwa thina yako ukaondoka, na miti mikubwa ilikuwa imesimama wazi. Kwa muda sikuelewa ninachokiona. Halafu nikaelewa, na nikacheka. Nilicheka nikakaa chini sakafuni. Baba yako alikuja mbio akidhani nimepata habari ya msiba, maana kilio changu na kicheko changu anasema vinafanana. Na wewe ukaniangalia kwanza, kisha ukaanza kucheka na wewe.

Hapo mimi nilijiona mama bora. Nilijiambia, mwingine angempiga mtoto huyu, mimi nimecheka. Nilijisifu miaka mingi kwa hilo.

Kisha nikaisimulia. Unajua nilivyo, hadithi ikiwa nzuri hailali kwangu. Nikamsimulia jirani, nikawasimulia wateja, nikaisimulia Mlali kwenye harusi ya binamu yako mbele ya watani wetu, na hao watani wakakupachika jina, Mfuta Ukungu, likashika. Kila ilipopita nikaiongeza chumvi. Katika hadithi yangu ulikuwa umesugua kama anayesugua sufuria, na ulitumia sabuni ya kufulia. Hukutumia sabuni, najua. Na kila mara ulikuwa ukicheka pamoja nasi, ukinisaidia hata sehemu ya "umegoma kidogo," ukaisema wewe mwenyewe kwa sauti yako ya utotoni, watu wanakatika mbavu.

Ulipoacha kukaa na mimi kwenye picha nilidhani ni masomo. Nilikuuliza, ukanijibu, "Fresh tu mama, nina homework." Nikaridhika. Mtoto anayesema ana kazi za shule, mzazi gani wa Kitanzania atamwuliza mara ya pili?

Mpaka Jumapili hii, tulipowaita majirani waje kukuaga. Wamekula, wameshiba, nami nikaona ndipo pahali pake. Nikaanza, "Huyu mnayemwona anaenda Mbeya kusomea maabara, mnajua alinifanyia nini?" Ukainuka ukakusanya sahani. Nikamaliza hadithi bila wewe, na kwa mara ya kwanza nikaona haina ladha, ile sehemu ya mwisho hakukuwa na wa kuisema.

Nikakufuata jikoni. Ulikuwa unaosha vyombo umenipa mgongo. Ukasema, "Mama, naomba kitu kimoja kabla sijaondoka. Ile hadithi usiisimulie tena."

Nikasema, "Si utani tu, Rehema?"

"Najua ni utani. Lakini nilipewa kazi nikaifanya vile nilivyoambiwa. Nilikaa na ile picha siku nzima, mama. Sikwenda hata kucheza. Nilikuwa nafuta kidogo nasogea nyuma naangalia, nafuta kidogo nasogea naangalia. Nilidhani ukirudi utasema nimefanya vizuri." Ukaweka sahani kwenye beseni la kusuuzia. "Tangu siku ile sijashika brashi. Hujawahi kuuliza kwa nini."

Nilikuwa na jibu mdomoni, tena lilikuwa la kuchekesha. Naona aibu kukuambia kwamba lilikuja lenyewe, tayari tayari, kama linavyokuja kwa mteja anayelalamika herufi zimepinda. Nikalimeza. Nikasema, "Haya." Hilo tu. Umenipa maneno ya miaka yote hiyo, mimi nikakupa haya. Ulinipisha mlangoni bila kuniangalia, na tangu Jumapili tumekuwa tukiongea habari za mashuka na madaftari.

Ninachotaka kukuambia kilitokea kesho yake.

Nilikuwa barazani na ile picha ndogo aliyoiagiza mwalimu mmoja wa kike, msitu tena, ukungu tena. Kichwa kilikuwa kwako, mkono unafanya kazi peke yake. Nikaangalia mkono. Ulikuwa umepaka utando wote, umeweka brashi chini, umeshika kitambaa chenye thina kidogo, na ulikuwa unafuta. Unafuta kuelekea juu, kidogo, halafu mimi mwenyewe nasogea nyuma naangalia. Chini unaacha. Pale kwenye mizizi na mabonde mkono hauufuti ukungu kabisa, unauacha ulale.

Nikajiuliza, mimi nilijifunza wapi hiki? Mwalimu wangu wa sanaa wa sekondari alitufundisha kuongeza rangi, siku zote kuongeza. Kwenye mabango hakuna kufuta, ukikosea unapaka juu. Nikawaza picha zangu zote za miaka hii, zile ambazo watu wanaagiza, wanasema, "Mama Rehema, nataka ukungu kama ule wako." Zote nimezifanya hivi. Nikahesabu kurudi nyuma kichwani, mwaka huu, mwaka jana, ule wa kabla yake, mpaka nikafika mahali ambapo ilianza, na pale nilipofika palikuwa na wewe na sare za shule, mikono nyuma.

Nikaingia sebuleni nikasimama mbele ya picha kubwa. Tumeitundika muda wote huo, na mimi nimekuwa nikiwaambia watu sijaimaliza, eti nitaurudisha ukungu nikipata nafasi. Sijawahi kuurudisha. Sasa najua kwa nini. Iangalie, Rehema, ndiyo maana nimetaka usimame hapo. Angalia chini kushoto, pale ulipoogopa kuchana. Rangi imebaki kwenye nyuzi za amerikani tu, imeondoka kwenye kila kilichoinuka, kwa hiyo mti unauona na huuoni. Halafu angalia juu, ulipofuta sana, pale kati ya miti miwili mikubwa. Umeacha kitu chepesi mno, hata sijui ulikiachaje, na kile ndicho nilichokiona alfajiri ile na wewe mgongoni kwangu. Nilikitafuta kwa brashi, wewe ukakipata kwa kitambaa.

Mgeni akiingia kwetu anasimama hapo. Hasimami kwenye miti yangu. Mimi nimekuwa nikisimama pembeni yake nikimchekesha kwa hadithi ya mtoto aliyeharibu picha, na mkono wangu wakati huo unaishi kwa kazi ya mtoto huyohuyo. Sikuwa najua. Naapa sikuwa najua, ila nadhani nisingecheka sana na kwa muda mrefu hivyo kama kusingekuwa na kitu ndani yangu kilichokuwa kinajua.

Sikuandikii haya ili uache maabara. Nenda, soma, tena nimefurahi, jicho lako hilo litaona vitu kwenye vioo vya hadubini zao ambavyo wenzako watavipita. Jana nilikufungia brashi na tyubu kadhaa kwenye mfuko, nikauweka chini ya mashuka yako. Leo nimeutoa. Nimeona ningekuwa nakupa kazi nyingine tena bila kusema vizuri ninachotaka. Ukizihitaji utasema, nami nitazituma kwa basi. Usipozihitaji, hukosi kitu kwangu.

Wala sikukatazi utani. Tungekuwa watu gani bila utani, na mjomba wako sasa hivi bila shaka anakutania hapo ulipo kuhusu baridi ya Mbeya. Lakini nimejifunza ukubwani kwamba mtu anaweza kucheka na wewe na bado anaumia, kwa sababu kucheka ni rahisi kuliko kukaa peke yake wakati wote wanacheka. Wewe ulikuwa mtoto, ulifanya ulichoweza. Huko uendako, likikuuma jambo, sema mapema. Usingoje miaka kwa ajili ya kumlindia mtu furaha yake, hata akiwa mama yako.

Na hadithi hiyo sitaisimulia tena kwa namna ile. Watu wakiuliza kuhusu ukungu wa sebuleni nitawaambia ulifanywa na nani na kwa njia gani. Ijumaa baba yako nimeshamwambia. Aliinuka akaiendea picha, akasema, "Mimi nilijua siku zote kwamba ule wa chini si wako." Nikamwuliza mbona hakusema. Akasema hakuna aliyemwuliza. Nyumba hii, mwanangu, tunaongea sana na hatuulizani.

Sasa la mwisho, kisha nikaweke wali, maana utarudi na njaa.

Leo mchana, ulipoondoka, niliishusha ile picha. Miaka yote haikuwa na jina la mtu chini, kwa kuwa nilikuwa nasema haijaisha. Nimeamua imeisha, iliisha siku ile. Nimeandika jina langu kulia, na kando yake, kwa herufi zilezile na ukubwa uleule, nimeandika Rehema, kisha nikaitundika tena. Sikukuomba ruhusa. Rangi ni mbichi bado, na kwa unyevu huu itakuwa mbichi mpaka uondoke kesho. Kitambaa na thina vipo mezani. Ukiona sikustahili kuliweka, lifute, sitakuuliza na sitakununia.

Ila safari hii nasema lote, nisije nikakuachia nusu ya neno tena. Mimi nataka libaki.

Mama yako